Mchezo wa Redio Ulioinyamazisha Mochwari Yetu

Mochwari, Ghorofa ya Chini Kabisa,
Hospitali (jina nimekatazwa kulitaja),
Hebbleshaw, Yorkshire.
Jumatatu, baada ya chai ya saa kumi.

Ndugu Mhariri wa Vichekesho vya Jumatano,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana wengi ninaowahudumia mimi huwa hawako katika hali hiyo. Naitwa Dean Barraclough, nina miaka ishirini na miwili, ni fundi wa mochwari. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita kwa makubaliano ya pande zote mbili, nikatoka na cheti kimoja cha useremala. Lakini usinidharau. Yorkshire nzima hakuna anayeweza kumhamisha marehemu wa kilo mia na ishirini kutoka kwenye toroli hadi mezani, peke yake, bila kumgonga kichwa, kama mimi. Hayo si maneno yangu, ni ya mama yangu, ingawa yeye hajawahi kuniona nikifanya.

Nakuandikia kuhusu mchezo wenu uitwao "Wagonjwa Wasiolalamika," ambao kila Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni unaifanya nchi nzima iwacheke madaktari wa kuchunguza maiti na sisi mafundi wao. Mimi si mtu wa ugomvi. Naomba tu mchezo ufutwe, kanda zake zichomwe moto, na yule mama anayeigiza Daktari Tripp aje hapa Hebbleshaw kumwomba radhi mtu mmoja. Sababu nimezipanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Sauti zenu ni za uongo. Kila Daktari Tripp anapofungua kifua cha mtu, nasikia wazi kabisa kwamba mnavunja kabichi. Nilikwenda jikoni kwa mama kuhakikisha. Nikavunja kabichi: ndiyo yenyewe. Mama akasema, "Dean, hiyo ilikuwa ya Jumapili." Kwa hiyo kabla hatujafika mbali, mmeshatunyima mboga. Halafu droo za friji lenu zinalia kama nyumba ya mizimu. Zetu hazilii. Nazipaka mafuta mwenyewe kila Ijumaa, na ukivuta moja utadhani umevuta hewa.

2. Yule kijana wenu, Norbert. Norbert anakula pai ya nguruwe huku ameegemea meza ya uchunguzi. Norbert anapoteza figo. Norbert hajui mguu wa kushoto ni upi. Mhariri, sisi tunakula chumba cha pili, tunanawa mara tatu, na mimi katika miaka minne sijapoteza figo hata moja. Lakini sasa nikiingia baa ya mtaani kwetu wananiuliza, "We Norbert, figo imeonekana?" Kuna msichana mmoja wa duka la maua alikuwa ameanza kunitazama vizuri. Sasa ananitazama mikono.

3. Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, hayo mawili yalikuwa ya kupasha misuli moto. Daktari wenu Tripp huwasalimia maiti, na kila akisema "Habari za asubuhi" watu wanaangua kicheko. Najua mlidhani mmebuni. Hamkubuni kitu. Bosi wangu, Daktari Audrey Illingworth, anawasalimia kwa mwaka wa thelathini na moja sasa. Anashika kifundo cha mguu, anasoma utepe wa jina na tarehe ya kuzaliwa kwa sauti: "Habari za asubuhi, Bwana Wilfred Murgatroyd, tarehe tatu Mei, mwaka thelathini na nane." Mimi nasimama na karatasi upande wa pili, natazama jina na tarehe, najibu, "Ndiye." Asipojibiwa hashiki kisu. Baada ya hapo ndiyo anaanza kumweleza anachokwenda kumfanyia: "Mikono yangu ni ya baridi, ua langu, utanivumilia." Nilipoanza kazi nilimwuliza kama anaamini wanasikia. Akasema, "Hilo sijui, Dean. Lakini mimi nasikia ninachosema, na wewe unanisikia, na hao tayari ni watu wawili wenye adabu chumbani."

Basi Alhamisi ya wiki ile ya juzi, siku moja tu baada ya sehemu yenu ya tano, wasukuma vitanda walikuwa wamesimama kwenye birika letu la chai wakimwigiza: "Habari za asubuhi, ua langu! Usiamke, ni mimi tu!" Kicheko mpaka chai ikamwagika. Kugeuka, Daktari huyu hapa mlangoni, koti bado linachuruzika mvua. Hakusema kitu. Akatundika koti. Na tangu saa ile, Mhariri, hajasema kitu tena.

4. Naomba usifikiri natia chumvi. Hajasema kitu maana yake hajasema kitu. Akitaka mizani ananyoosha kidole. Akitaka chai anainua kikombe. Matokeo aliyokuwa akiyasema kwenye kinasa sauti sasa anayaandika kwa mkono, na mwandiko wake ni wa kidaktari. Marehemu wanaingia na kutoka kimyakimya kama mizigo ya posta. Nimelisikia friji letu likiunguruma kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, na nakwambia lina sauti mbaya. Nimejaribu kila dawa. Nimemletea biskuti za tangawizi. Nimemsimulia kisa cha mjomba wangu na farasi, ambacho hakijawahi kushindwa. Akatabasamu, mdomo umefungwa, akarudi kwenye darubini yake.

5. Hapa ndipo mnapotakiwa kukaa chini. Ijumaa iliyopita alikuja Bwana Thackray, mwenye kampuni ya mazishi, mtu ambaye ukimwona akicheka ujue ana gesi. Alikuja kumchukua Bi. Dorothy Hinchliffe, aliyekuwa anakwenda kuchomwa tanurini badala ya kuzikwa, saa nane mchana siku hiyohiyo. Sasa sisi tulikuwa na akina Bi. Hinchliffe wawili, hawana undugu wowote. Wa pili ni Bi. Beryl, ambaye aliacha maagizo kwa maandishi kwamba azikwe pamoja na mumewe, kwenye kaburi alilokuwa akilifagia kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa. Daktari hakusalimia. Mimi sikujibu "Ndiye," kwa sababu hapakuwa na wa kumjibu. Nikavuta trei ya nne badala ya trei ya tano.

Tulikuwa tumeshafika mlango wa gari. Bwana Thackray akainua shuka miguuni, akavaa miwani. "Dean, huyu ni Beryl."

"Huyu ni Hinchliffe," nikamwambia.

"Hinchliffe yupi?"

"Kwani wapo wangapi?"

Daktari akapiga toroli kwa kiganja, paa! Amekuwa mweupe kuliko tuliyemfunika. Alifungua mdomo, akaufumba. Nikamrudisha Bi. Beryl mbio, nikamleta Bi. Dorothy, na Bwana Thackray akaondoka bila kuaga. Hebu fikiria, Mhariri. Yule mume wa Bi. Beryl amesubiri chini ya ardhi miaka kumi na tisa, mara analetewa mgeni. Na wa kulaumiwa ni nani? Si mimi. Mimi nilifuata kimya nilichokuta. Wa kulaumiwa ni aliyetengeneza hicho kimya, naye anapokea barua hii.

6. Nilikuwa na namba sita kuhusu muziki wenu wa mwanzo, nimeifuta, haina uzito baada ya hiyo ya tano.

7. Leo Trev, mkubwa wa wasukuma vitanda, amenifuata akiwa na uso wa kufurahia msiba. "Dean, umesikia? Daktari wako anaondoka mwisho wa mwezi."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua isipokuwa wewe. Kama kawaida."

Nimekaa chumba cha kubadilishia viatu nusu saa nzima. Mhariri, shuleni waliniita zigo, na kwenye kiwanda cha magodoro nilidumu siku tisa. Mtu wa kwanza kunipa karatasi na kuniamini kwamba nitaisoma ni huyu mama. Akiondoka, wataleta daktari wa kisasa anayesoma namba tu. Mimi namba huwa zinanichezea. Majina hayanichezei yakisomwa kwa sauti.

Sasa tazameni mlikotufikisha. Kama mchezo wa nusu saa unaweza kuwanyima salamu waliokufa, hautashindwa na walio hai. Leo mmenyamazisha mochwari. Kesho mtaandika mchezo wa wakunga, na watoto watasikia huko waliko na kukataa kutoka. Keshokutwa mtaandika wa waokaji mikate, na nchi italala njaa kwa aibu. Serikali itauliza ilianzia wapi, na mimi nitawaonyesha: ilianzia kwenye kabichi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nimejitahidi kuwa mpole:

Kwanza, mchezo ufutwe. Kabla haujafutwa, mtangaze sehemu moja ya mwisho ambamo Daktari Tripp anasema "Habari za asubuhi" na hakuna mtu anayecheka. Hata kikohozi nisisikie. Pili, waigizaji wote waje walale trei yetu ya tisa, dakika kumi na tano kila mmoja, ili wajue baridi inayofanyiwa mzaha. Shuka nitatoa mimi. Tatu, Norbert afe. Afe kwa heshima, na isiokotwe figo yoyote. Kama mwandishi wenu ataona uchungu kumuua, basi aigizwe na mimi. Sauti ninayo, muulizeni yeyote aliyewahi kunisikia uwanjani siku ya mpira.

Msalimie mwandishi wa mchezo, mwambie simchukii, ila nikimkuta trei ya tisa sitamharakisha kutoka. Msalimie anayevunja kabichi. Wasalimie mafundi mitambo, anayepika chai hapo kwenu, mlinzi wa mlangoni, na mkeo kama unaye, na kama huna, wasalimie majirani. Mama yangu naye anawasalimu wote na anauliza kwa nini mnatangaza habari za maiti saa ya chakula.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa baridi ya nyuzi nne,

Dean Barraclough,
Fundi wa Mochwari (wa pekee, mwenzangu alihamia kwenye maabara).

Nyongeza, Jumanne saa nne asubuhi. Bahasha nilikuwa nimeshailamba, imebidi niifungue kwa mvuke wa birika, kwa hiyo samahani kwa mikunjo.

Kuhusu ile namba tatu. Wale wasukuma vitanda waliomwigiza Daktari hawakuwa wengi. Alikuwa mmoja. Wala hakuwa msukuma vitanda. Nilikuwa mimi, tena nilimwiga mpaka anavyovuta pua wakati wa baridi. Ndiyo maana aliponipa bahasha mchana wa siku ile, bila neno, nilijua ni ya kunifukuza kazi. Nikaificha kwenye droo ya soksi, kwa hesabu yangu kwamba mtu hafukuzwi mpaka asome.

Jana jioni mama alikuwa anapanga soksi alizofua. Akaiona, akaifungua, akanisomea kwa sauti huku amesimama juu yangu kama hakimu. Ilisema hivi: "Dean, daktari wa koo amenikataza kusema kwa siku kumi na mbili. Wasalimie wewe badala yangu, jina na tarehe, wala usinong'one. Mimi nitashika karatasi. A. I."

Siku zote hizo alikuwa akigusa kifundo cha mguu wa marehemu, kisha ananyoosha kidole kwenye mdomo wangu. Mimi nilidhani ananiambia niufunge.

Leo asubuhi nimempelekea barua hii, nikiwa tayari kwa lolote. Sauti yake imerudi, ingawa inakwaruza kama mlango wa banda la kuku. Ameisoma yote, amecheka mahali ambapo sikukusudia, amesahihisha herufi kumi na nne. Anaondoka kweli mwisho wa mwezi: anakwenda ufukweni Whitby na dada yake, anarudi baada ya siku kumi. Nikamwuliza kuhusu mchezo wenu. "Dean, huo sijawahi kuukosa hata wiki moja," akasema. "Siku ile kwenye birika nilitaka kukwambia unaniiga vibaya. Unanifanya kizee. Lakini ya Bi. Hinchliffe sikuicheka, na wewe usiicheke."

Kwa hiyo msifute chochote. Msichome kanda. Norbert mwacheni aishi, anamfurahisha. Barua naituma kwa sababu stempu ilikuwa imeshabandikwa.

Daktari ameamriwa bado aipumzishe sauti mpaka Ijumaa, kwa hiyo leo amechukua karatasi yeye, na mimi nikashika kifundo cha mguu. "Habari za asubuhi, Bwana Arnold Lumb, tarehe ishirini na mbili Novemba, mwaka arobaini na moja." Daktari akajibu, "Ndiye." Hapo nikakwama. Sikujua mtu anaendelea vipi. Daktari ananitazama, Bwana Lumb anasubiri. Nikamwambia mvua imekatika. Ilikuwa haijakatika, lakini hakubisha.