Mapengo Mia Tatu na Kumi na Nane

Jumatatu, 6 Mei

Barua imebandikwa kwenye mlango wangu saa mbili na dakika kumi. Kwa gundi, si kwa pini. Mtu akitumia gundi ujue ameshaamua.

Korido ya mbele ya chuo inapanuliwa. Vyumba viwili vya uchapaji vitabaki kimoja. Mimi niko namba 4, mwaka wa kumi na moja sasa. Namba 5, mlango unaotazamana na wangu, yuko Bi Pasi, mwaka wa pili. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu kurasa zake hutoka kama zimepigwa pasi. Kumi na moja kwa mbili. Kwingine mechi ingekuwa imekwisha.

Lakini Mkuu wa chuo anataka mashindano. Ameandika historia ya chuo. Nusu ya kwanza niliichapa mimi mwezi uliopita, kurasa 96. Ya pili aliichapa Bi Pasi. Sasa kila mmoja aisafishe nusu yake: nukta na mikato mahali pake, nafasi zilingane, na maandishi yanyooke kulia na kushoto kama kitabu cha dukani. Ijumaa saa nne kamati inachagua. Mshindi anabaki na chumba.

Nikishindwa, kompyuta na printa vinahamia sebuleni. Sebuleni kuna cherehani ya mke wangu, na mke wangu ana sheria moja: nyumba moja, mashine moja. Yake ilitangulia.

Kamati ni watu watatu. Mkuu mwenyewe. Mkutubi, ambaye sote tunamwita Bwana Rula kwa kuwa hupima pambizo kwa rula. Na Mwalimu Mzee, mstaafu, ambaye macho yalimpotea zamani na hutembea na kidude cha kusikilizia kwenye sikio moja. Redio, nadhani. Hesabu ni nyepesi: waamuzi watatu, macho manne. Huyo wa tatu nimemtoa.

Jumanne, 7 Mei

Nimebonyeza kitufe cha kunyoosha pande zote mbili. Mara moja tu.

Mistari iliyojaa imenyooka vizuri. Lakini mstari wa mwisho wa kila aya umevutwa mpaka ukingoni. Ukurasa wa 14 pameandikwa "Kisima kilichimbwa." Sasa Kisima amekaa kushoto kabisa na kilichimbwa amekimbilia kulia, kama mke na mume waliogombana, katikati kimebaki kitanda kitupu. Nimehesabu aya zote. 318. Nimerudia kuhesabu, nikitumaini nimekosea. 318.

Nikashuku nafasi mbili ninazoweka baada ya kila nukta, mazoea ya tangu mashine ya taipu. Nikaiamuru kompyuta ibadilishe kila nafasi mbili kuwa moja, kitabu kizima kwa mpigo. Ikajibu imebadilisha 2,407. Mapengo hayajatikisika hata moja. Ila ukurasa wa Yaliyomo, ambao niliupanga kwa nafasi, moja moja, siku nzima, umeporomoka. Sura ya Tatu sasa inasomeka iko ukurasa wa Sura ya Nne.

Nafasi zilizokuwa kabla ya mikato, 112, hizo nimeziondoa. Angalau hilo.

Bi Pasi amekuja kuazima stepla. Stepla anayo, nimeiona. Akainama juu ya bega langu akauliza, kaka, hiyo Shifti unaibonyezea nini kila mwisho wa aya? Bonyeza Enta peke yake, mistari itarudi nyumbani. Nikamwambia ahsante dada, nikampa stepla.

Nimelifikiria. Shifti na Enta kwa pamoja nimezitumia miaka kumi na moja, kwa sababu Enta peke yake huacha uwazi kati ya aya na aya, na uwazi ni karatasi. Halafu tangu lini mshindani akakuelekeza njia? Ukimwona adui anakumiminia dawa, mwache anywe kwanza yeye. Shifti inabaki.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata ufumbuzi. Nimeupata nikipiga mswaki.

Mstari unavutwa kwa kuwa ni mfupi. Basi usiwe mfupi. Baada ya "Kisima kilichimbwa." nimeongeza maneno mengine mpaka mstari ukakaribia kujaa, kisha hayo ya nyongeza nikayapaka rangi nyeupe. Nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Kisima na kilichimbwa wamerudiana, na hakuna anayejua kilichowapatanisha.

Nilianza kujaza kwa herufi x. Lakini mkono hauwezi kupiga x arobaini bila kupoteza hesabu, na zikizidi kidogo zote zinaruka mstari wa chini. Sentensi hujihesabu zenyewe. Nimejitengenezea akiba, na idadi ya herufi pamoja na nafasi:

Shemeji ni mchoyo: 17.
Bwana Rula alale na rula yake: 29.
Bi Pasi anajiona malkia wa koma: 31.
Mkuu hajui kuandika barua ya mistari miwili: 43.

Pengo la 60, naunganisha 17 na 43. Pengo la 48, 17 na 31. Nafasi ya kati na nukta najua pa kuziiba. Kufika saa kumi jioni nimeziba 151. Sikujua nina mengi hivi moyoni. Ile ya 43 peke yake nimeitumia mara sitini na mbili, na kila mara nimejisikia nafuu.

Chakulani mke wangu ameuliza kwa nini navigonga vidole mezani. Nimemwambia nahesabu. Akasema nihesabu na vyombo, ni vinne, vyote vinaningoja.

Alhamisi, 9 Mei

318 kati ya 318, na Yaliyomo yamepangwa upya. Saa kumi na tisa za kazi kwa siku mbili. Shingo haigeuki.

Nimechapa kurasa zote 96. Nimezishika mbele ya dirisha, nimezilaza, nimezitazama kwa upande kama mtu anayekagua noti. Hakuna kitu. Ni weupe mtupu. Hata hivyo nimekunywa maji glasi sita na nimekwenda msalani mara saba, hesabu ambayo haijalingana na sijui kosa liko wapi.

Karani wa Mkuu amekuja kuchukua karatasi. Akaomba na faili kwenye flashi. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya Mwalimu Mzee. Nilicheka kidogo. Nikamwambia mzee wa watu hana macho, flashi ataifanyia nini, ataivaa shingoni? Karani akasema yeye ametumwa tu. Nikampa.

Bi Pasi amepita akatazama rundo langu. Akasema limependeza, kaka, kumbe Enta imesaidia. Nikasema imesaidia sana.

Nimelala dakika chache chache.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika haya yote kama yalivyotokea, kwa ajili ya rufaa.

Saa nne kamili. Mkuu kiti cha kati. Bwana Rula ametoa rula, amepima ukingo wa kulia wa kurasa tisa zangu na tisa za Bi Pasi. Akatangaza kwamba zote zimenyooka, ila zangu zina aya zilizobanana vizuri zaidi na zimeokoa karatasi. Zimeokoa karatasi! Nimemtazama Bi Pasi. Ametazama dari. Mkuu akasema anakiri hakutegemea. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na mbili, na nilikuwa mtu mwenye chumba.

Hapo Mwalimu Mzee akakohoa. Akasema yeye amekisikiliza kitabu chote jana usiku, na angependa wenzake nao wasikie kidogo. Akatoa kile kidude sikioni, akachomoa waya, akaiweka simu yake mezani. Si redio. Ni programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Nayo haijui nyeupe ni nini.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mtulivu, kama wale wanaotangaza zamu benki. Ikasoma: "Mwaka ule wananchi walijitolea nguvu zao. Kisima kilichimbwa. Shemeji ni mchoyo." Mkuu akainua kichwa. Ikaendelea: "Mabweni mawili yakafunguliwa rasmi. Bwana Rula alale na rula yake." Rula ikaanguka chini. Nikasema nadhani mashine imeharibika, mzee, izime ipoe. Mzee akasema iache mwanangu, inakuja ile nzuri. Ikaja: "Mkuu alihutubia kwa saa mbili na kushangiliwa. Mkuu hajui kuandika barua ya mistari miwili."

Zimesomwa kumi na nne. Nimezihesabu zote, sikuwa na la kufanya. Ya malkia wa koma ilipofika, Bi Pasi alifunika mdomo kwa leso na mabega yakawa yanaruka.

Mwalimu Mzee akasema katika kurasa 96, hizo ndizo sentensi pekee ambazo hakusinzia. Kisha akageuza uso kuelekea nilipokuwa, akauliza kwa upole: shemeji ametajwa, mkutubi ametajwa, dada wa watu ametajwa, Mkuu ndiyo usiseme. Mimi peke yangu sikutajwa hata mara moja. Nimekukosea nini?

Nilimtoa kwenye hesabu siku ya Jumatatu.

Jumamosi, 11 Mei

Chumba kinachobaki, namba 4, amepewa Bi Pasi. Barua imebandikwa. Gundi.

Mkuu ameagiza kitabu changu kisafishwe na Bi Pasi kabla ya saa sita. Nilisimama nyuma yake nimwone akihangaika. Akaiamuru kompyuta ifute kila kilicho cheupe. Kisha kila Shifti na Enta iwe Enta. Sekunde nne. Kuna mahali pa kupunguza ule uwazi kati ya aya pia, akaupunguza, kurasa zikawa 96 zilezile. Mimi saa kumi na tisa. Nikamwambia mashine yake ni mpya zaidi. Akasema hii ni yako, kaka, nimekaa kwenye kiti chako.

Mke wangu ameshapata habari zote. Amesema kaka yake kweli ni mchoyo, lakini si wa kuandikwa kwenye historia ya chuo. Nimeweka printa chini ya cherehani. Ameitazama. Nimeitoa.

Jumapili, 12 Mei

Printa iko barazani chini ya kanga. Mawingu yametanda. Nimekwenda kuitazama mara tano.

Jumatatu, 13 Mei

Bi Pasi ameniita namba 4. Ameniambia chumba kina meza mbili na yeye ana mwili mmoja. Nichukue ya dirishani, printa iingie ndani kabla mvua haijaipata. Sharti ni moja, tena dogo: Enta peke yake. Akanyoosha mkono. Tukapeana. Nikaapa.

Amenipa na kazi ya kuanzia: wasifu wa Mwalimu Mzee, kurasa 8, utasomwa kwenye sherehe yake Jumatano. Nimeanza saa tatu. Saa nne nikatazama, mistari ya mwisho imetanuka yote, aya 27. Sijui imekuwaje. Vidole vina miaka kumi na moja, vinajua njia vyenyewe.

Ningeweza kumuuliza Bi Pasi. Yuko hatua tatu. Lakini mtu aliyekupa meza asubuhi humsumbui mchana.

Nimekaa nikatafakari kosa lilikuwa wapi wiki iliyopita. Rangi haikuwa kosa. Kuziba hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa maneno. Safari hii ni sifa tupu, hata zikisikika zisikike.

Bi Pasi ana roho safi: 21.
Mwalimu Mzee ana masikio ya dhahabu: 35.

Nimeshaziba kumi na mbili.