Kwabena Mwenye Kijino

3 Juni, Jumatatu
Siku nne kabla ya mtihani wa anatomia, nami narudia mwaka. Nikifeli tena, chuo kinanitoa na baba ananikabidhi panga la shamba la kakao. Naogopa, sikatai. Lakini leo nimepata akili! Pingili za shingo ni saba, siku za wiki ni saba. Kila pingili nimeipa siku yake, na jina ambalo kwetu hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo. Ya kwanza Kwadwo, wa Jumatatu. Ya pili, ile yenye kijino, Kwabena wa Jumanne. Naendelea hivyo mpaka ya saba, yenye mwiba mrefu unaougusa nyuma ya shingo: Kwasi, wa Jumapili. Nani Kumasi nzima atasahau hayo?

4 Juni, Jumanne
Dufie, anayeongoza darasa na kulijua hilo mno, kaniuliza kwa nini nisikariri namba tu. Akasema wengine huanza kuhesabu wiki Jumapili, itakuwaje nikichanganya? Wivu huo. Nimemwambia mimi si mtoto.

5 Juni, Jumatano
Maame Pokuaa, mama mwenye nyumba, kaamka hawezi kuinama. Nimepata mgonjwa wa mazoezi! Anauza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, kabeba sufuria kichwani miaka thelathini. Basi ni shingo. Nikamwambia anayemsumbua ni Kwabena. Akajibu kwamba Kwabena ni marehemu mumewe, alimsumbua kweli, ila ameshapumzika na yeye pia apumzishwe. Nikamfunga shingo kwa boksi la maziwa. Sasa hazioni kenkey zake mwenyewe.

6 Juni, Alhamisi
Dufie alikuja kununua kenkey, akaliona boksi, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuuliza: maumivu yanaishia wapi?
"Yanaanzia takoni, yanashuka ubavuni mwa mguu mpaka kidole gumba," akasema Maame. "Shingo ilikuwa nzima, mwanangu, mpaka huyu daktari wako aliponivisha boksi."
Dufie akasema ni kiunoni. Diski kati ya pingili ya nne na ya tano imechomoza, inabana neva ya tano. Akampima nguvu za mguu, akamuuliza kama mkojo unazuilika, akampeleka kliniki. Nimeona aibu sana. Sufuria nimeibeba mimi mpaka sokoni. Shingo inaniuma, hasa pale kwa Yaw wa Alhamisi.

7 Juni, Ijumaa
Mtihani. Kengele kila dakika, unahamia meza nyingine. Meza ya kwanza: pingili yenye kijino. Kwabena! Nikahesabu kwa vidole: Kwasi, Kwadwo, Kwabena. Nikaandika ya tatu. Meza ya pili, mwiba mrefu. Kwasi huyo, nikaandika ya kwanza. Nilijisikia profesa. Meza ya mwisho haikuwa na mfupa, karatasi tu: mwanamke, maumivu toka takoni hadi kidole gumba cha mguu. Nikamwona Maame na boksi lake. Nikajaza ukurasa mzima, hata habari ya mkojo.
Nje Dufie kauliza yule wa kijino nimempa namba gani. Nikahesabu upya, kuanzia Jumatatu: ya pili!

11 Juni, Jumanne
Nimefaulu! Hamsini na moja. Profesa Tweneboa kasema shingo mbaya kama yangu hajawahi kusahihisha, lakini jibu langu la mgonjwa limewashinda wote, Dufie pia. Maame naye, kwa mazoezi ya kliniki, leo kaokota kenkey iliyoanguka, akaniita daktari bila kucheka. Nimelia kidogo, chumbani.
Mbinu yangu imefanya kazi, nani atabisha? Muhula ujao ni kifua, pingili kumi na mbili. Miezi ni kumi na miwili! Dufie kauliza nitaanzia mwezi gani. Swali gani hilo? Nitaanzia Agosti, mwezi niliozaliwa mimi.