Uzinduzi wa Amplifaya ya Meza ya Pili

(Nakala kamili ya hotuba ya Kaimu Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu za Sauti, Baraza la Migogoro ya Nyumba. Ukumbi mkubwa, Alhamisi, saa tano kamili asubuhi, ambayo ilikuwa saa sita na robo. Imenakiliwa na mnakili wa meza ya pili, yaani mimi, mwenye sikio moja zima na jingine la kulisindikiza.)

Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye hayupo lakini ametuma mwakilishi. Mheshimiwa mwakilishi, ambaye naambiwa naye ametuma mtu. Mheshimiwa mtu, karibu sana, kiti chako ni kile chenye kitambaa. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, wakuu wasaidizi wa vitengo, na wale ambao vitengo vyao bado vinatafutiwa kazi ya kufanya. Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi wa Amplifaya pamoja na manaibu wako wanne. Ndugu Mtunza Stoo. Ndugu Seremala wa Idara. Makarani, wanakili, madereva. Ndugu mlinzi wetu wa getini, na kwa kuwa uko humu, sijui nani anakaa getini kwa sasa. Wananchi mliofuata kesi zenu na mkaingizwa humu ili ukumbi ujae. Mabibi na mabwana. Wapo viongozi ambao wangesema tu kwamba itifaki imezingatiwa, wakaendelea na yao. Mimi sikulelewa hivyo.

(Makofi. Jambo la ajabu: leo sauti ya ukumbini inafika hadi safu ya mwisho, safi kama maji ya mtungi. Kawaida hapa huwa tunasoma midomo.)

Ndugu zangu, miaka minne iliyopita mnakili wa meza ya pili, huyu mama yetu mnayemwona ameinama akiandika kila ninalotamka, alileta ofisini kwangu barua ya mistari mitatu, akisema, na hapa nanukuu, kwamba anaomba amplifaya ndogo ya mezani, wati ishirini zinatosha, ya kuunganisha kati ya mashine ya kanda na hedifoni zake, kwa kuwa kanda zetu zina sauti ya chini mno na feni ya barazani inanguruma juu ya mashahidi. Mwisho wa kunukuu. Sasa niwaulize, mtu asiye na maono angefanya nini na barua kama hiyo? Angekwenda dukani.

(Kicheko. Nami nilicheka, nisije nikaonekana nina neno.)

Sisi hatukwenda dukani. Sisi tulianzisha mchakato. Tukaunda kamati, kamati ikafanya upembuzi yakinifu, upembuzi ukaibua hitaji la warsha ya wadau, na warsha ikabaini kwamba katika barua nzima, ijapokuwa ni fupi, limejificha neno ambalo mwandishi hakuliandika ila amelikusudia, nalo ni neno nafuu. Kamati ilikaa vikao kumi na moja juu ya neno hilo. Nafuu kwa nani? Nafuu kuliko nini? Na je, kitu kikiwa nafuu kupita kiasi, kiongozi wa ngazi yangu anaweza kukizindua bila kuleta taswira hasi? Tulitoka na andiko la kurasa mia nne na kumi na mbili, ambalo mtu akilisoma lote, na nasikitika bado hajapatikana, hatarudia kutaja wati ishirini kwa wepesi ule.

Kisha wauzaji wakatuletea amplifaya tisa za kufanyiwa benchimaki, yaani kushindanishwa kwa kipimo. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo ulipo utaalamu. Kuna watu walipendekeza tuziwashe, tusikilize. Nilikataa. Sikio la mtu, ndugu zangu, halina risiti. Mkaguzi akija kesho na kuuliza hii mliipa alama sabini kwa kigezo gani, utamwambia niliisikia? Tulihitaji kipimo kisichopendelea, na kipimo pekee kilichokuwemo katika idara hii yote, chenye muhuri na cheti, ni mizani ya stoo. Tukazipima uzito.

(Minong'ono. Mtunza Stoo anaangalia viatu vyake.)

Ile ndogo, nyepesi, inayokaa kiganjani, ilipata alama mbili. Ile nzito kuliko zote, ya kilo thelathini na nane, ambayo muuzaji alisema huwa inatumika viwanjani, ilipata alama mia, na tukaziondoa nyingine nane siku hiyo hiyo kwa heshima zote. Namkumbuka ndugu Mtunza Stoo aliponivuta pembeni akaniambia, mzee, hii si itavunja meza ya huyu dada? Swali zuri. Swali la mtu wa chini linaloweza kuzaa mradi. Ndipo ilipozaliwa Awamu ya Kwanza, yaani meza. Tukatengeneza meza ya mbao ngumu yenye miguu sita, imara, ya kujivunia. Haikupita mlangoni. Ikazaliwa Awamu ya Kwanza Kipengele B, yaani mlango, ambao hadi kufikia jana jioni umepanuliwa kwa asilimia themanini, na hii asilimia ishirini iliyobaki ni ukuta wenyewe.

(Makofi. Kwa taarifa ya msomaji, mlango huo ndio wa chumba chetu. Tangu upanuliwe hatuna mlango, na sauti za koridoni zote sasa zinaingia bure.)

Lakini msidhani tulikaa mikono mifukoni tukingoja awamu. Hapana. Tulifanyia kazi viashiria. Mwaka juzi, katika nakala za mashauri zilizotoka idara hii, neno haisikiki liliandikwa mara elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Aibu. Mwaka huu, hadi ninaposimama hapa, limeandikwa mara ngapi? Sifuri. Haya ni matokeo ya Waraka Namba Tisa, nilioutunga mimi mwenyewe katika likizo yangu, unaoelekeza kwamba popote mnakili asiposikia alichosema shahidi, badala ya kuandika haisikiki, ambalo ni neno linaloidhalilisha idara, ataandika kimya.

(Makofi safu ya mbele. Safu ya nyuma amesimama mama mmoja mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni. Namfahamu. Ni mama mshonaji. Kesi yake inaamuliwa kesho saa mbili asubuhi.)

Naam, mama, kaa tu, maswali yana utaratibu wake. Unasema? Haya, sema, lakini kwa kifupi, maana bado niko kwenye utangulizi.

(Maneno ya mama mshonaji: "Baba, samahani kukukata kalima. Mwenye nyumba, Mungu amrehemu, alikuja mwenyewe barazani akiwa mgonjwa, akanisemea mimi kuhusu kile chumba ninachoshonea. Nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka kwake. Sasa jana nimeonyeshwa karatasi, wameandika kimya. Mtu aliyesema anakuwaje kimya?")

Swali zuri pia. Leo ni siku ya maswali mazuri. Mama, wajumbe waliomsikia marehemu wamehamishwa, na hawa wapya wanaamua kwa nakala, na nakala inatoka kwenye kanda, ambayo kwa kesi yako naambiwa ni kanda ya saba, na kanda ya saba sauti yake ni hafifu. Hilo halina mwenye kosa. Kimya nacho ni mchango katika mjadala. Ungeweza kustahimili hadi Awamu ya Tatu, wakati mnakili atakapokuwa na amplifaya yake mezani na meza yake chumbani, tungeirudia kanda yako kwa viwango vya juu kabisa.

(Mama mshonaji: "Haya, baba. Ila mpwa wa marehemu ameshaleta kufuli jipya, nalo halijui awamu." Ameketi. Rasimu ile yenye neno kimya niliichapa mimi. Niliisikiliza kanda ya saba mara kumi na nne, kiganja juu ya hedifoni kama mtu mwenye jino bovu, nikasikia feni. Nilipochoka nikatii waraka. Nasema hivi kwa sababu hotuba ni ya bosi, lakini mkono ni wangu.)

Sasa tufike kwenye kilele. Naomba mheshimiwa mtu aliyetumwa na mwakilishi asogee, ashike mkasi, nami nitashika mkono wake unaoshika mkasi, ili picha itoke na sisi wawili. Moja, mbili. Wananchi, hii hapa.

(Utepe wa uzinduzi umekatwa, kitambaa kimeondolewa. Ni amplifaya kweli: nyeusi, inang'aa, vifundo vitatu, na taa ndogo ya kijani mbele. Nakiri niliamini. Nilifungua begi nikahakikisha kanda ya saba nimekuja nayo.)

Tafadhali isiguswe. Rangi haijakauka.

(Nimefanya kazi na vyombo vya umeme miaka ishirini na mbili. Hilo la rangi ni geni kwangu.)

Ndugu zangu, historia itakapoandikwa, na nimeshaelekeza iandikwe, itasema kwamba alikuwepo Kaimu Mkuu aliyekaimu miaka tisa bila kuthibitishwa kazini na bila kulalamika zaidi ya mara mbili kwa mwezi, ambaye alilikuta taifa la wasikilizaji likiwa limeinamia hedifoni, akaliinua. Sijisifu. Ningetaka kujisifu ningetaja ile tuzo. Naomba sasa tusimame kwa ajili ya kaulimbiu yetu. Nikisema sauti, mnasema mezani. Sauti!

(Mezani, wanasema wachache.)

Sauti!

(Mezani. Soda zimeingia, waitikiaji wameongezeka.)

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Kwanza namshukuru ndugu Seremala wa Idara. Nilimpa picha ya amplifaya iliyokatwa kwenye gazeti Jumatatu, na hadi leo Alhamisi ameichonga yote kwa mbao zilizobaki kwenye meza ya Awamu ya Kwanza, kwa ustadi ambao hata kifundo cha kati kinazunguka. Ile halisi haijaagizwa, kwa kuwa huwezi kuagiza kitu ambacho mlango wake haujakamilika, na huo ndio uadilifu. Makofi kwa seremala.

(Seremala amesimama, akaketi haraka. Nilifunga begi, kanda ya saba ikiwa ndani.)

Pili, na kwa haraka, namshukuru mlinzi wa getini. Asubuhi hii spika za ukumbi zilikataa kabisa, tukahangaika, naye akaja na kiamplifaya chake anachosikilizia mpira kwenye meza yake ya getini, kile kidogo hapa chini ya miguu yangu, wati ishirini tu, cha mitumba, na ndicho mnachonisikilizia tangu nianze. Nilimuuliza alikichaguaje. Akasema alibeba kanda yenye mtangazaji anayekimbiza maneno, akaijaribu kwenye kila amplifaya pale dukani, akachukua ile ambayo jina la kila mchezaji lilisikika; na kama kuna mngurumo, unapunguza besi. Mchana mmoja tu. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo si metodolojia. Hata hivyo, kwa kuwa chombo kimeshatumika katika shughuli rasmi, naelekeza leo hii saa tisa alasiri kipelekwe stoo kikapimwe uzito, na kitabaki huko hadi kamati itakapokaa. Asanteni kwa kunisikiliza. Sauti!

(Mwitikio haukunakiliwa. Mnakili hakuwepo.

Nyongeza ya mnakili. Saa nane na dakika ishirini nilikuwa getini na mashine ya kanda, mlinzi na kiamplifaya chake kilichorudi mezani pake, na mama mshonaji aliyevaa hedifoni zangu za ziada. Mlinzi alipunguza besi hadi mwisho. Feni ikaondoka kama mgeni aliyekumbushwa kwao. Marehemu akakohoa, kisha akasema: "Chumba kile ni cha huyu mama. Nimemwachia akiwa hajaniomba. Ufunguo nilimpa kwa mkono wangu, asije mtu akamtoa." Mama mshonaji aliushika ule utepe wake shingoni, mkono huku na mkono huku. Nimefuta neno kimya, ukurasa wa nne, nikayaandika hayo mahali pake, nikaweka sahihi.

Mtunza Stoo alifika na mizani yake saa tisa kasoro dakika kumi. Alisimama mlangoni pa kibanda cha mlinzi akiwa ameibeba, hakuiweka chini. Kisha akaniambia, "Dada, hebu rudisha nyuma kidogo, na mimi nisikie.")