Ombi la Kubaki Bila Nyonga

Kwa Daktari Bingwa wa Mifupa,
Wodi ya Upasuaji.

Ndugu Daktari,

KUHUSU: KUPINGA KUWEKEWA NYONGA NYINGINE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mikono yako haitetemeki. Mimi ni yule mama muuza maziwa wa kitanda cha dirishani. Uliniwekea nyonga ya chuma, ikaingia usaha, ukaitoa. Juzi umenipigia simu kwa furaha kama mtu anayetangaza harusi, ukasema damu yangu sasa ni safi, vijidudu vyote vimekwisha, nije Jumatatu uniwekee nyingine. Kwa heshima zote, nakataa. Sina ugomvi na wewe hata kidogo. Nyonga ndiyo siitaki, na malalamiko yangu ni haya:

1. Habari yenyewe ina matatizo ya kutamkika. Siku uliponitoa ile ya chuma, wifi yangu, ambaye tangu azaliwe hajasikiliza sentensi mpaka mwisho, alipigiwa simu akaambiwa nimetolewa nyonga. Yeye akasikia nimenyongwa. Mume wangu alipotoka hospitalini alikuta turubai limeshafungwa uani, nusu ya watu wanamlilia, na nusu wanamwangalia kwa jicho baya, wakijua ndiye aliyeninyonga. Ukinirudisha Jumatatu, kuna ndugu watakaopanda basi upya.

2. Nimeshazoea. Mguu wa kushoto umekuwa mfupi, sawa, lakini una faida zake. Nikisimamia wa kulia namzidi wifi kimo, nikisimamia wa kushoto tunalingana, kwa hiyo tumeacha kubishana. Magongo nayo ni mali: nafungia mlango, nazimia taa, nafukuzia kuku. Mtu mwenye nyonga mbili anafukuza kuku kwa mdomo tu.

3. Biashara imenawiri. Unajua baiskeli huwezi kuinyonga bila nyonga. Lugha yetu ndivyo ilivyokaa, si mimi niliyeipanga. Basi mume wangu, ambaye hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake, ndiye anayesambaza maziwa. Anaisukuma. Anatembea kando yake taratibu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye dumu, anasalimia kila mlango, na akifika kwa mteja wa mwisho maziwa yameshaganda. Mwanzoni walinuna. Sasa wanaagiza ya mgando. Nimemruhusu ashushe kiti cha baiskeli mpaka chini kabisa, maana mimi niliyekuwa nakikalia siwezi tena.

4. Ile nyonga ya kwanza niliipokea kwa moyo mweupe. Niliitembeza, nikaipeleka harusini, nikaichezesha. Nayo ikanilipa kwa homa. Unakumbuka nilivyoletwa, nikitetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, na wewe ukaacha kunitania. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Naogopa, Daktari. Neno hilo nimeliandika mara moja, na ukinikumbusha nitalikana.

5. Kwa hiyo naomba nyonga yangu apewe mwingine. Asipopatikana, ifungwe kwenye geti la hospitali iwe komeo. Na kwa kuwa mimi ni ushahidi unaotembea (polepole, lakini unatembea) kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila nyonga, nashauri wodi yako iache kabisa kuziweka, ianze kuzitoa. Anza na wifi yangu, yuko nyumbani muda wote. Kisha jitoe wewe moja, ya kushoto, ujionee raha yake mwenyewe.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule anayeimba akichoma sindano, na umwambie wimbo haupunguzi maumivu ila nimeukariri. Wasalimie watu wa maabara waliohangaika na damu yangu, mpishi wa uji, na mgonjwa yeyote aliyelala kwenye kitanda changu. Mwambie dirisha lile halifungiki vizuri.

Ni mimi, ninayeyumba mwili lakini siyumbi kauli,

Mama Maziwa.

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeshaikunja. Mume wangu ameingia sasa hivi, magoti yamechubuka, shati lote tope, dumu tupu. Nimembana mpaka amesema. Kumbe kila akimaliza kusambaza anakwenda nyuma ya soko kujifunza kupanda baiskeli, na leo akajiona ameiva, akaipanda na maziwa. Nikamuuliza, uzee huu, kisa nini? Akasema, “Nimekuona unavyoogopa, mke wangu. Nikasema nikiweza mimi, hutalazimika kwenda hospitali.” Nimecheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha machozi yakaendelea. Huyu mtu ana mvi kichwa kizima, Daktari, na barabarani kuna malori. Nimemtuma akatafute spana, akipandishe kile kiti mpaka pale pale kilipokuwa, kimo cha miguu yangu yote miwili. Hiyo Jumatatu nije saa ngapi, na ninywe chai au nisinywe?