Uzinduzi wa Kompresa ya Ukumbi Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi na wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Viongozi wastaafu, viongozi watarajiwa, mke wangu, shemeji zangu wa safu ya mbele, na ninyi wananchi mliosimama kwa sababu za kiitifaki, hamjambo? (Safu ya mbele: Hatujambo. Nyuma: Hatusikii.)

Hamsikii, na hiyo ndiyo mantiki ya hafla hii. Mtakumbuka kwamba mkutano uliopita nilihutubia kwa hisia hadi spika zikapasuka, na Mama Mwenyekiti wa soko, ambaye Mungu kamjalia sauti ya kubembelezea watoto, aliposimama kueleza habari za mtaro unaomwaga maji machafu sokoni, hakusikika hata nusu. Nilimwambia avute subira, mtaro wake utasikika kisayansi. Mama yule pale, bado anavuta. (Makofi ya shemeji.)

Ofisi yangu, ambayo ni sikivu kwa asilimia tisini na kitu, ikabuni konsepti shirikishi ya implimentesheni ya kompresa, yaani kisanduku hiki mnachokiona kimekaa kando ya mikisa, ile meza yenye vitufe vingi, ambacho kikisikia mtu anapayuka kinambana, na sauti zikishakaribiana kinazipandisha zote kwa pamoja, mpaka mnyonge naye asikike.

Kuhusu uunganishaji, ambao nimehudhuria semina yake elekezi mimi binafsi, waya unatoka kwenye mikisa halafu unagawanyika matawi mawili: moja linapeleka sauti kwenye kisanduku, la pili linairudisha ikiwa na adabu. Hilo la pili lilitusumbua sana kwenye kamati, kwani kwa utamaduni wa ofisi yetu kupeleka tumebobea, ila kurudisha bado tunajengewa uwezo. Hivyo awamu hii tumeunganisha tawi la kupeleka peke yake, na nusu hiyo ya kazi imekamilika kikamilifu. (Fundi mitambo anashika kichwa. Sauti ya nyuma: Kumbe ndiyo maana spika kimya.)

Lipo pia suala nyeti. Nilimuuliza muuza vyombo vya sauti, je, akizungumza kiongozi, mashine inafanyaje? Akanijibu mkavu: “Mkubwa, hii haijui cheo. Anayepaza sauti anabanwa.” Ndugu zangu, jasho lilinitoka. Mimi niliyeanza ukarani na kupanda ngazi kwa sauti hii hii, leo nibanwe na kisanduku mbele ya shemeji zangu? Nilitoa maelekezo papo hapo, nayo nitayagusia kwenye shukrani.

(Mama Mwenyekiti amesimama. Anasema jambo. Ukumbi unanyamaza.)

Mama, keti tafadhali, hujaunganishwa. Anasemaje huyo? (Safu ya tatu: Anasema maji yameingia mpaka nyumbani kwake. Mjukuu wake anaharisha, amelazwa tangu juzi. Anauliza mtaro utazibuliwa lini.)

Pole sana, mama. Pole hiyo ni rasmi, iingie kwenye kumbukumbu. Suala la mtaro ni mtambuka, haliwezi kujibiwa kwa mdomo mtupu wakati tuna teknolojia. (Mama hajakaa. Anaendelea kuzungumza, taratibu. Watu wanazima feni isipige kelele.)

Nikisema Kompresa, mnasema Oyee. Kompresa! (Oyee, ya shemeji mmoja.) Sauti Sawa! (Kimya.) Sauti Sawa! (Mtu wa nyuma: Shh, tunamsikiliza mama.)

Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru muuza vyombo kwa kupokea bila kinyongo maelekezo yangu kwamba mashine ile isinunuliwe, hadi itakapopatikana inayotambua itifaki. Namshukuru kwa namna ya pekee seremala wetu, aliyechonga kisanduku hiki kwa mbao nyepesi na kukichorea vitufe vinavyopendeza kwenye picha. Namshukuru mke wangu kwa kitambaa cha kukifunikia. Na nawashukuru ninyi nyote, kwa jinsi mlivyotulia kunisikiliza.

(Viti vinaburutwa. Ukumbi mzima umempa mgongo na kumgeukia mama. Shemeji nao wamegeuka.)