Mkanda wa Saa kwa Mtu wa Kubishana

Jumatatu, 9 Juni. Musoma.

Dada Sara amepiga simu kutoka Guta. Mwanawe Nathanieli amekubaliwa kupeleka posa Butiama kwa mzee Baltazari, Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne kamili asubuhi. Kamili kweli. Mzee huyo ikifika saa hufunga geti kwa kufuli. Waliokuja kumposa binti yake mkubwa walichelewa kidogo tu. Wakapewa maji ya kunywa nje ya ukuta, wakarudi kwao. Nathanieli hali chakula vizuri tangu asikie habari hiyo. Anampenda Judith, na Judith ana baba mmoja tu.

Jumamosi hii ukoo unakaa Guta kuchagua msemaji. Watamtaka Mniko, mdogo wa marehemu shemeji yangu. Mkulima wa pamba, sauti laini, saa ya chuma inayong'aa kama sufuria mpya. Hoja hana. Mimi ni mjomba wa kijana, nimesoma vitabu ambavyo Mniko hawezi hata kuvibeba, na nimewaandikia wahariri wa magazeti hadi wengine wamehama ofisi. Lakini dada anasema safari hii wanataka mtu wa saa.

Saa ninayo. Kioo kinene, haina namba, ina vistari tu. Imelala kwenye droo tangu mkanda ukatike siku nilipogonga meza kule Bunda, nikimweleza bwana mmoja ukweli kuhusu bei ya pamba. Mpango: mkanda mpya. Mniko ajiandae.

Jumanne, 10 Juni.

Sokoni Mwigobero. Flora anauza miwani, betri na mikanda ya saa, karibu na wanapoanika dagaa. Akaniuliza kazi yangu, maana mkanda huendana na maisha ya mtu. Nikamwambia nina duka la madaftari na fotokopi. Akasema hapana mzee, hiyo ni biashara. Yeye anauliza huo mkono unafanyaga nini mchana kutwa. Nikafikiri kwa uaminifu. Nikamwambia: unabishana.

Akasema basi nichukue raba. Ngozi italoa jasho, itanuka. Kitambaa kitashika harufu ya dagaa wa mama Robi, yaani mke wangu Miriamu, ambaye meza yake iko jirani tu na alikuwa anasikia kila kitu. Chuma kitaninyofoa vinyweleo. Raba inaoshwa, inakauka, inavumilia mtu wa aina yoyote. Aliposema aina yoyote alinitazama mimi.

Nikamweleza kwamba raba ni ya watoto wa shule, na kwamba adui hupigwa kwa silaha yake mwenyewe. Nimenunua chuma.

Alhamisi, 12 Juni.

Chuma kimeshindwa. Mkono wangu umekuwa kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Mchana alikuja mwalimu mmoja kutoa nakala za mtihani, akasema siku hizi hakuna haja ya kusoma vitabu. Nilimjibu. Kwenye hoja ya kwanza saa ilipanda hadi kiwiko. Kwenye ya pili ilishuka kwa kasi, ikatua juu ya kioo cha mashine ya fotokopi. Kioo kina ufa. Kila nakala sasa ina mstari mweusi. Mwalimu akasema anashukuru, hoja yangu ameiona imepigiwa mstari.

Miriamu ameuliza kwa nini sikumsikiliza Flora. Muuza dagaa anamtetea muuza raba. Mshikamano wa soko.

Nimefikiri upya. Sisi ni watu wa ng'ombe. Mahari inazungumzwa kwa ng'ombe. Nisimameje mbele ya mzee Baltazari kuzungumzia ng'ombe huku nimevaa bati? Nimekwenda kwa Clementi, fundi viatu. Ana ngozi ya ng'ombe, mpya. Akasema bado mbichi, haijalainishwa, nimpe hadi mwisho wa mwezi. Nikamwambia babu zetu hawakusubiri mwisho wa mwezi. Akasema babu zetu hawakuvaa saa. Amekata hata hivyo.

Jumamosi, 14 Juni. Guta.

Mbwa walinisindikiza kutoka stendi. Mmoja alibaki nami kikao kizima, akiutazama mkono wangu kwa heshima ambayo ukoo huu haujawahi kunipa.

Kabla ya kula nilinawa vizuri, hadi juu ya saa. Ngozi ikaloa. Kisha tukakaa juani. Ngozi mbichi ikikauka hujikaza. Nilishawahi kulisoma jambo hilo mahali. Leo nimelisoma upya, kwenye kifundo cha mkono. Vidole vimevimba kama ndizi. Kifungo kikagoma kabisa.

Mniko akazungumza, laini kama uji. Akasema asiye na uhakika asitake usemaji. Anayeutaka ainue mkono, aweke mtamba wake dhamana: tukikuta kufuli Butiama, mtamba huyo ni wa Nathanieli, akaanze upya kwingine. Alijua ninaye mmoja tu, na anafugwa hapo hapo kwa dada. Watu wakatazama chini. Wakati huo damu ilikuwa imekata mawasiliano na vidole, na nafuu pekee ilikuwa kuuinua mkono juu. Nikauinua.

Dada Sara akalia machozi. Akasema hakujuaga kama nampenda mwanawe kiasi hicho. Wazee wakapiga makofi. Nathanieli akanipigia magoti. Ningeweza kueleza. Sikueleza.

Baadaye dada aliukata mkanda kwa kisu cha vitunguu. Mbwa akaula.

Mimi ndiye msemaji. Mniko anaonekana amepungua. Mtamba wangu anaonekana amenenepa, kwa makusudi.

Jumatatu, 16 Juni. Musoma.

Nimenunua raba nyeusi. Flora hakucheka, na hilo ni baya zaidi. Alitaka kuufunga yeye, akisema kipande chenye kifungo kinakaaga upande wa juu. Nikakataa. Mtu anayesoma gazeti hadi matangazo ya vifo hashindwi na vipini viwili vya kushikia mkanda. Nimefunga mwenyewe nyumbani kwa kisu cha mezani. Kipini kimoja kiliruka chini ya kabati, nikakikuta pamoja na miwani niliyomshutumu Mniko kuwa aliikalia. Na hiyo habari ya upande wa juu: juu ni wapi kwenye kitu cha duara?

Jumanne, 17 Juni.

Nakiri: raba ni kitu chenye maadili. Haifinyi, hainuki, haipandi kiwiko. Jana jioni nilibishana na muuza mkaa hadi akaondoka na gunia lake, na saa haikutikisika.

Lakini hilo ni dogo. Leo asubuhi, saa moja kamili, redio imeanza taarifa ya habari. Nikatazama mkono. Mshale mfupi ulikuwa unaelekea kwenye moja. Siyo saba. Moja. Nikakaa chini. Saa imekaa kichwa chini, miguu juu, na hivyo imeanza kusema Kiswahili!

Maisha yetu yote tunatazama saba tunasema moja, tunatazama kumi tunasema nne. Taifa zima linapiga sarakasi kichwani kabla ya chai. Nani alituambia kumi na mbili ndiyo ikae juu? Wengine wamepigania bendera. Mimi nimeikomboa saa kwa mkanda wa raba. Atakayesema niliufunga kimakosa ajue ulikuwa uamuzi.

Miriamu akaitazama, akamaliza kutafuna muhogo wake, akauliza: na mshale mrefu je, baba Robi? Nikamwambia kila fikra kubwa duniani imekutana na mtu wa kuulizia mshale mrefu. Nimeanza barua kwa wahariri.

Jumamosi, 21 Juni. Butiama.

Dada, Nathanieli na Mniko walilala kwetu. Tulipanga kuondoka saa mbili na nusu. Nikiwa kwenye chai nikatazama mkono: mbili na nusu tayari. Nikawaamsha kwa maneno makali. Mniko akatazama chuma chake, akasema shemeji, bado bado. Nikamuuliza msemaji ni nani. Tuliondoka dereva akiwa na mswaki mdomoni.

Tumefika getini saa nne kamili. Mshale mrefu juu kabisa. Mfupi ulikuwa kama umesita kati ya tatu na nne, lakini mimi si mtu wa mambo madogo. Geti wazi. Mzee Baltazari yuko uani amevaa singlendi, povu la kunyolea shavu moja, anamfukuza jogoo. Ndugu zake hawajafika hata mmoja. Viti bado vimepandana.

Tukakaribishwa sebuleni. Nyumba ile hairuhusu simu mezani. Judith alipita na kikapu, akazikusanya zote. Nikanyoosha mkono wangu wa raba, nikasema kwa heshima yote: baba, saa nne kamili, sisi tumefika, tunawasubiri wenyeji. Mzee akageukia saa ya ukutani. Tatu na nusu. Akanigeukia mimi. Mimi si mtu wa kubabaika. Nikamwambia sijawahi kuona saa ya ukutani inayofunga safari.

Judith akaikodolea macho saa yangu. Akamtazama Nathanieli, ambaye alikuwa na rangi ya majivu. Kisha akasema, taratibu kabisa: baba, si nilikwambiaga betri ya hiyo saa imechoka tangu Pasaka?

Mniko alifungua mdomo. Dada Sara akamkanyaga mguu. Bahati mbaya tu, pale sebuleni pamebanana.

Mzee akaingia ndani, akarudi na koti na mashavu yote mawili. Akasema sheria ya nyumba yake ni moja, anayechelewa analipa, na leo aliyechelewa ni yeye. Akapunguza ng'ombe wawili kwenye mahari kabla sijatoa hata hoja ya kwanza. Nilikuwa nimeandaa kumi na nne. Imeniuma kidogo. Lakini Nathanieli amekula sahani tatu, na Judith alipomletea maji alisahau kuondoka.

Mtamba wangu yuko salama. Njia nzima ya kurudi dada alikuwa anacheka peke yake. Furaha ya mama.

Jumamosi, 6 Septemba. Bunda.

Siku ya harusi. Misa ni saa nne kamili. Ukoo umenikabidhi pete, kwa sababu mimi ndiye mtu wa saa. Ziko mfuko wa ndani. Nimelala nyumba ya wageni iliyo karibu na kanisa, kwa utulivu, ili nimalizie hotuba.

Nimewafungia wazee wa ukoo mikanda ya raba, saa zote kichwa chini. Flora ameishiwa mikanda myeusi. Mzee mmoja amepata ya waridi. Wahariri bado hawajajibu. Wanaogopa.

Miriamu ameondoka zamani na dada Sara. Alisimama mlangoni, akasema yeye anafuataga simu, na kwamba ule mshale mrefu bado haujajibiwa. Akanisihi nitoke naye. Nikamwambia aende, nitawakuta.

Natazama sasa. Mshale mfupi uko kwenye nne, mrefu uko kwenye nusu. Inaweza kuwa tatu na nusu, inaweza kuwa nne na nusu. Mtu mwenye matumaini hawezi kuchagua nne na nusu siku ya harusi. Ni tatu na nusu. Muda wa chai ya pili upo.

Kengele ya kanisa inalia. Nasikia na vigelegele. Padri huyu anawahisha watu bila sababu. Baada ya misa nitamtafutia mkanda.