Rangi Niliyoipaka Mwenyewe Kwenye Mota

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu kumi na mmoja, wengi wao wamevaa gambuti. Nimesharudi nyumbani Karatu mjini, nimeoga, nimekunywa chai, na bado masikio yanawaka. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua tangu wiki iliyopita nafunga umeme kwenye shamba moja la kahawa, kule juu karibu na msitu wa Ngorongoro. Ni kazi yangu ya kwanza ya kiwandani bila bosi wa kunisimamia. Mashine mpya ya kumenya kahawa, mota kubwa, na kebo ndefu kutoka kwenye bodi ya umeme mpaka pale mashine ilipo. Nilijiamini. (Bado najiamini. Someni tu.)

Ugomvi wa kwanza ulikuwa waya wa ethi. Ni ule wa kijani na njano, unaopeleka umeme ardhini ukivuja kwenye chuma cha mashine, ili ikatike breka, ile swichi ya usalama kwenye bodi, na siyo mtu. Meneja wa shamba, Mzee Sulle, alikuwa ameninunulia wa milimita za mraba nne. Mwembamba kama kamba ya kiatu.

“Mzee, huu hapana,” nikamwambia. “Nyaya za moto ni thelathini na tano. Ethi yake ni kumi na sita.”

“Lakini fundi, waya wenyewe si haupitishi umeme?”

“Haupitishi kila siku. Siku ukipitisha, unapitisha wote kwa mkupuo. Huo wa nne utayeyuka kabla breka haijashtuka.”

Nikamchorea hata ardhini, kwa kijiti. Waya wa moto ukiwa kumi na sita au chini ya hapo, ethi inalingana nao. Ukizidi kumi na sita mpaka thelathini na tano, ethi inabaki kumi na sita. Ukizidi na hapo, ethi ni nusu yake. Mzee Sulle akakuna kichwa, akatuma gari Arusha, waya ukaja. Nikaufunga, nikaupima, safi kabisa.

Sasa jana mchana ndipo shetani wa usafi aliponiingia. Mkaguzi wa umeme anakuja kesho, na mota ina mikwaruzo ya safari. Nikachukua kopo la rangi ya kijani na brashi. Nikafungua hata bolti ya ethi ili niipake yote, na tundu lake, na chini yake, maana mimi sipendi kazi nusunusu. Rangi ilipokauka nikarudisha kichwa cha waya, nikakaza bolti, nikaipaka tena juu. Mota ikang'aa kama trekta jipya. Sikupima tena. Nipime nini, na nilishapima?

Leo asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri mkaguzi alipofika. Baba mfupi, sauti ya chini, mkoba wa vifaa begani. Kahawa mbivu ya jana ilikuwa imerundikwa inasubiri, na kahawa haijui kusubiri, ikilala tena inachacha. Mama Neema, mwanamke wa Singida anayesimamia wafanyakazi, alikuwa amesimama tayari na watu wake wanane, Mzee Sulle kando yao, maji ya mfereji yakiwapita miguuni.

Mkaguzi akauliza, “Ethi umeweka saizi gani?”

Jibu lilikuwa maneno matatu. Mimi nikatoa somo. Nikaeleza kumi na sita, nikaeleza thelathini na tano, nikaeleza nusu. Nikawageukia hadi wafanyakazi.

“Mama Neema, mashine hii unaweza kuiegemea na miguu yako ikiwa majini. Njoo, weka mkono.”

Umeme ulikuwa bado haujawashwa. Mama Neema akaja, akaweka mkono.

“Hesabu yako iko sawa kabisa,” mkaguzi akasema. (Hapo ningeomba dunia isimame.)

Akatoa mita yake. Waya mmoja akaubana kwenye ethi ya bodi, mwingine akaugusisha kwenye shafti ya mota. Mita kimya. Akagusa tena. Kimya.

“Haisomi,” akasema.

“Betri ya mita yako imeisha, mzee.” Ndiyo, nilimwambia hivyo mkaguzi.

Akagusanisha zile ncha mbili za mita. Ikalia piii. Betri nzima.

Nikawageukia wafanyakazi kwa uso wa hakimu. “Kuna mtu amegusa hii bolti?”

“Fundi,” Mama Neema akajibu taratibu, “jana ulitukataza hata kupita karibu.”

Mkaguzi akachuchumaa, akaifungua bolti, akakwangua kwa kisu kidogo. Chini ya kichwa cha waya ikabanduka ngozi nzima ya rangi, kijani, nzito, imepakwa kwa mapenzi.

“Nani alipaka rangi hapa?”

Na mimi, mtu mzima, nikafungua mdomo. “Nadhani ni hawa vijana wa...”

Sikumaliza. Watu wote walikuwa wanatazama kiwiko changu cha kulia. Kijani. Mmoja akasema kitu kwa Kinyaturu cha kwao Singida. Mimi Kinyaturu sijui, lakini kicheko kilichofuata hakikuhitaji mkalimani.

“Ni mimi,” nikasema.

Mkaguzi hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Waya wako ni mzuri,” akasema. “Ila haujagusa chuma. Umegusa rangi.”

Mama Neema akautoa mkono wake kwenye mota polepole, kama anautoa kwenye mdomo wa mbwa. Ningewasha leo na umeme ukavuja, yeye ndiye angekuwa waya wa ethi.

Nikachukua msasa. Nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga upya, nikampa mkaguzi apime. Ikasoma vizuri, akasaini. Mama Neema hakukubali mashine iwashwe watu wake wakiwa karibu.

“Wewe kwanza,” akaniambia.

Nikaingia mferejini na viatu vyangu vya kawaida, nikaegemea mota kwa kiganja kizima, ikawashwa. Nikakaa hivyo mpaka aliporidhika. Alichukua muda wake. Kahawa ikamenywa yote kabla ya saa kumi.

Wakati naondoka Mzee Sulle akanisindikiza mpaka getini, mpole kama kawaida.

“Fundi, kwa hiyo leo asubuhi ule wa nne na huu wa kumi na sita zilikuwa sawasawa tu?”

Nikamwambia ndiyo, nikajifungulia geti mwenyewe.

Basi, ukishapaka, pima upya. Na nyie mnaocheka, nawajua mafundi waliofunga umeme majumbani kwenu, na hakuna hata mmoja ambaye ni mimi.